Laini Mpya, Mtu Yuleyule

Jina lake halisi walilijua mama yake na watu wa benki. Kwa wengine wote alikuwa Stepla, kwa sababu ya ile bunduki ya stepla iliyokuwa mkononi mwake tangu asubuhi hadi jioni, akipigilia vitambaa kwenye makochi ya watu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya yadi ya mbao, kibanda cha mabati chenye mlango mpana wa kupitisha kochi zima. Ndani kulikuwa na sponji zilizorundikwa mpaka juu, marobota ya vitambaa, na vumbi la pamba lililompigisha chafya kila alipocheka. Naye alikuwa mtu wa kucheka. Wachana mbao wa yadini walizoea kusema kwamba ukisikia chafya zinafuatana, ujue Stepla kapata mteja mwenye maneno.

Kazi alifundishwa na marehemu baba yake. Na mumewe waliachana zamani bila kelele, akabaki na binti yao aliyekuwa bado shule ya msingi. Wateja wengi walimpata kwa simu. Alikuwa na ukurasa mtandaoni alikoweka picha za makochi yaliyochakaa, na pembeni yake makochi yaleyale yakiwa yamefufuka. Juu ya mlango wa karakana aliandika namba yake kwa rangi nyekundu, na namba hiyohiyo ndiyo aliyopigiwa na mama yake, na mwalimu wa mtoto, na muuza sponji. Laini moja, maisha yote ndani yake.

Siku moja mwanaume mmoja aliletwa na kiti. Kilikuwa kiti cha ofisini, cha kuzunguka, ngozi imechanika kwenye kiegemeo. Mwenyewe alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama kisu, na alizungumza kwa sauti ya chini. "Tafadhali fundi, naomba unitazamie hiki. Tafadhali, usiharakishe." Alipoondoka, wachana mbao walikuwa wameshambatiza: Bwana Tafadhali.

Kiti kilipokamilika alikichukua, akashukuru, na jioni akaandika: "Kiti kimekaa vizuri. Ahsante." Stepla akajibu, "Karibu tena," kama anavyomjibu kila mteja. Asubuhi ikaja, "Umeamkaje?" Mchana, "Umekula?" Siku iliyofuata, "Mbona nakuona uko hewani na hunijibu?"

Stepla hakutaka ugomvi. Alifuta mikono, akaandika kwa adabu: "Kaka yangu, mimi ni fundi wako tu. Kama huna kazi ya kochi, naomba tuishie hapo."

Jibu lilikuja papo hapo: "Hata hasira zinakupendeza."

Akamzuia. Akaiweka simu juu ya meza, akarudi kwenye kazi yake, akidhani yameisha.

Kesho yake namba ngeni iliandika: "Nadhani umenizuia kwa bahati mbaya. Tafadhali rekebisha."

Hapo alicheka, akapiga chafya, akawasomea wachana mbao nao wakacheka. Akaizuia na hiyo. Ikaja nyingine. Akazuia. Ikaja nyingine tena, na safari hii ilisema, "Gauni la kijani linakukaa vizuri kuliko suruali." Stepla alijitazama. Alikuwa na suruali. Gauni la kijani alilivaa siku iliyotangulia, alipokwenda sokoni. Kicheko kikakatika hapohapo, na kwa muda mrefu hakikurudi.

Akaanza kukasirika, na hasira yake haikuwa ya kelele. Ilimkwama kama mwiba wa samaki. Simu ikilia, bega lilishtuka. Alikosea vipimo, akakata kitambaa cha mtu kifupi, akalazimika kununua kingine. Alipowaeleza watu, kila mmoja alikuwa na dawa yake, na dawa zote alitakiwa azinywe yeye. Mmoja wa wachana mbao alimwambia, "Mjibu tu mara moja, atachoka." Shangazi yake alimwambia, "Mwanamke asiye na mume ndiyo hivyo, lazima abishiwe hodi." Jirani yake alimwambia, "Na wewe nawe, nani alikutuma kujianika mtandaoni?"

"Nimeanika makochi!" Stepla aling'aka. "Makochi! Kuna mtu anatongoza kochi?"

Kisha akapigiwa simu na mwanamke mwenye duka la dawa, mteja wake wa siku nyingi. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha.

"Fundi, umetuficha! Kumbe umeolewa na hukutualika?"

"Nani kaolewa?"

"Shemeji kaniandikia jana, ananiuliza kama kochi langu limeshafika. Anasema siku hizi yeye ndiye anayekusimamia kazi. Na ile picha yake, wewe na mtoto, mmependeza kweli."

Stepla alimwomba amtumie alichokiona. Kilipofika, aliketi juu ya robota la sponji. Bwana Tafadhali alikuwa amechukua picha ya Stepla na binti yake wakikata keki, akaifanya picha ya akaunti yake mwenyewe. Kila aliyepata ujumbe wake aliona nyuso zao. Na wateja hakuwatafuta mbali: walikuwa wameacha maoni yao kwenye ukurasa wa Stepla, kila mtu na jina lake, yeye akapita akiokota mmoja baada ya mwingine.

"Mtoto wangu," Stepla alisema, na hakumwambia mtu. "Kamweka mtoto wangu usoni pake."

Wiki hiyohiyo mama yake alizidiwa na presha, wakamlaza hospitali. Habari iliandikwa kwenye kundi la familia peke yake: mama yuko wodini, anaendelea vizuri, msiwe na wasiwasi. Stepla alikuwa bado kwenye benchi la hospitali, mkoba wa nguo za mama mapajani, ujumbe ulipoingia kutoka namba asiyoijua: "Pole kwa mama. Presha si kitu cha kuchezea. Tafadhali usijichoshe."

Basi kikulacho ki nguoni mwako. Alijua kuna mdomo ndani ya nyumba yao, na hakusita kuamua ni mdomo wa nani. Alimwacha mama kwa muuguzi, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake.

Wifi huyo, mke wa kaka yake mkubwa, alikuwa na kibanda cha kuuza vocha na kusajili laini karibu na stendi. Yeye na Stepla hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi, kila mmoja akiamini mwenzake ana ulimi mrefu. Stepla alifika pale hana salamu.

"Wewe, kinywa chako hakina mlango?"

Wifi alikuwa anamsajilia laini mzee mmoja. Alimaliza kazi yake, akamkabidhi mzee simu kwa mikono miwili, ndipo akainua uso. "Wifi, hata hujambo hakuna?"

"Hujambo ya nini? Mama kalazwa leo, tumeandika kwenye kundi la familia tu, na yule mwendawazimu tayari ananipa pole. Nani kamwambia kama si wewe?"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini masikio yafungue. Huyo mwendawazimu ni yule wa mashati ya pasi, anayesema tafadhali kila akimeza mate?"

Stepla akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa kwangu Jumapili," wifi akaendelea. "Kala, kashiba, kaegemea kochi ulilolishona wewe kwa mikono yako. Kaka yako ndiye aliyemleta. Anamwita shemeji."

"Kaka yangu?"

"Kaka yako. Kaahidiwa kazi ya udereva huko ofisini kwa huyo bwana. Tangu kaahidiwa, simu yake haipumziki. Umevaa nini, uko wapi, mtoto anasoma shule gani, mama anaumwa nini. Nilimwambia, mume wangu, dada yako amekataa, mwache. Akaniambia mambo ya kwao hayanihusu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Wifi alimtazama sawasawa. "Ungeniamini?"

 Stepla akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukali kama mtu anayefuta rangi iliyomwagika, maana hakuwa analia kwa huzuni. Angekuwa na kitu mkononi angekivunja.

Wifi alifunga dirisha la mbele la kibanda. "Nipe hiyo simu," akasema. "Meseji zake unazo?"

"Baadhi nimefuta. Zilinitia kichefuchefu."

"Usifute tena hata moja. Kwanza piga skrinshoti, namba ionekane na tarehe ionekane. Halafu ripoti. Halafu ndiyo uzuie. Wewe umekuwa unazuia kimyakimya, ni sawa na kumfukuza mwizi bila kupiga yowe. Anahamia dirisha la pili." Akatikisa kichwa. "Na mimi ndiye ninayewauzia hayo madirisha. Wanakuja hapa wanacheka: nisajilie nyingine, kuna mtu kanifungia. Ukizuia namba umezuia namba. Mtu mwenyewe bado ana miguu yake."

Wakafungua mipangilio, vichwa vimegusana. Nani anaweza kuona picha yako? Kila mtu. Nani anaweza kuona mara ya mwisho ulipokuwa hewani? Kila mtu. Nani anaweza kukuingiza kwenye kundi? Kila mtu.

"Kila mtu, kila mtu, kila mtu!" Stepla alisoma, sauti ikipanda. "Nani kawaambia mimi ni wa kila mtu?"

"Ndivyo simu inavyotoka dukani. Hawakuulizi."

"Waniulize! Mlango wa nyumba unauzwa na komeo lake. Hiki kitu nimekilipia, kinakuja kimeachwa wazi mpaka uani?"

Walibadilisha moja baada ya jingine. Picha yake waliitoa, wakaweka ya kochi la kahawia. Kuonekana hewani wakaruhusu kwa watu aliowahifadhi tu, na kaka yake wakamwondoa hata humo. Walizima ruhusa ya simu kutaja mahali picha inapopigwa, maana walikuta nusu ya picha zake zimeandikwa mtaa anaokaa. Waliweka namba ya siri ya pili ili mtu asije akaifungua akaunti yake kwenye simu nyingine. Kwenye ukurasa wa kazi walifuta kila picha yenye uso wa mtoto, wakafunga maoni ya watu wasiojulikana, wakaandika tangazo fupi kwamba fundi hana msimamizi wala mume anayepokea oda. Mwisho wifi akamsajilia laini mpya ya familia na watu wachache, ile ya zamani ikabaki ya kazi, na simu ngeni zisizo za kazi zisipokewe.

Kisha Stepla akajitoa kwenye kundi la familia.

Kaka yake alipiga simu ile ya zamani kabla hata Stepla hajafika nyumbani. "Umejitoa kwenye ukoo?"

"Nimejitoa kwenye simu yako," Stepla akasema, akakata.

Kaka naye hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa dereva aliyekaa nyumbani muda mrefu bila gari la kuendesha, na kukaa bure kulikuwa kumemla. Ila alikosea kipimo. Alidhani tatizo la dada yake ni maringo, na kwamba akimkutanisha na mtu wa heshima ana kwa ana, maringo yatayeyuka. Kwa hiyo mchana mmoja akaingia yadini akiwa amefuatana na Bwana Tafadhali, shati jeupe, mfuko wa zawadi mkononi, kama watu wanaokwenda kuposa.

Stepla alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, akivuta kitambaa. Aliona viatu vyao kwanza. Akasimama, bunduki ya stepla bado mkononi.

"Dada," kaka akaanza, "tumekuja tuyamalize kiutu uzima. Huyu bwana ana nia njema. Mambo ya kuzuiana kwenye simu ni ya watoto."

"Tafadhali," Bwana Tafadhali akasema kwa ile sauti yake ya chini, "tuongee pembeni."

"Hakuna pembeni," Stepla akasema. "Pembeni umepapenda wewe. Leo tutaongea hapahapa."

Akatoa simu. Akaanza kusoma, kwa sauti aliyoizoea kuitumia kumwita mtu ng'ambo ya yadi. "Hata hasira zinakupendeza." Wachana mbao wakageuka. "Nadhani umenizuia kwa bahati mbaya, tafadhali rekebisha." Mmoja akaguna kwa kicheko. "Gauni la kijani linakukaa vizuri kuliko suruali." Mwenye yadi, mtu mzito asiyependa maneno, akazima msumeno. Stepla akaendelea. "Leo umelala saa ngapi, taa yako ilichelewa kuzimwa. Unajifanya hunioni, lakini mimi nakuona. Nikikukosa kwa njia hii nitakupata kwa nyingine."

"Yale ni maneno ya utani," Bwana Tafadhali akasema. Shingo yake ilikuwa imeanza kulowa jasho juu ya ukosi.

"Subiri, kuna utani mwingine." Stepla akateremsha kidole kwenye kioo, na hapo sauti yake ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Binti yako amependeza na sare mpya. Nimemwona akivuka barabara peke yake."

Hakuna aliyecheka. Kaka akamgeukia mgeni wake, kisha akatazama chini.

"Shule ya mtoto wangu ulimwambia wewe?" Stepla akamuuliza.

"Aliuliza tu kwa mazungumzo..."

"Ulimwambia wewe?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Mimi nimesema hapana kwa adabu. Nikasema hapana kwa kumzuia. Nikasema hapana kwa kunyamaza. Hapana zangu zote hukuzisikia, ila yeye akisema tafadhali unasikia! Ungetaka kazi ungeniambia, ningekwenda kukuombea kwa kila mteja niliyemshonea kochi. Mtoto wangu ndiye uliyeona umtoe rushwa?"

"Dada, unanidhalilisha mbele za watu."

"Mimi?" Stepla akasema. "Mimi ndiye ninayekudhalilisha?"

Bwana Tafadhali alikuwa anarudi nyuma taratibu. Mwenye yadi akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mfuko wako umeusahau." Mgeni akauokota, akatoka upesi, na kiatu chake kimoja kikakwama kwenye maranda ya mbao akakaribia kuanguka. Kaka akamfuata, kisha akasimama kati ya karakana na barabara, hajui aende upande gani.

Siku hiyohiyo Stepla na wifi yake walikwenda kituo cha polisi. Askari wa mapokezi alisikiliza akiwa anachezea kalamu.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekuibia?"

"Hapana."

"Sasa mama, si ubadilishe namba tu?"

"Nimebadilisha namba," Stepla akasema. "Nimebadilisha picha, nimebadilisha njia ya mtoto kwenda shule, nimewafungia wateja wangu milango. Niambie, sasa nibadilishe nini? Sura?"

Wifi akampiga kikumbo kidogo, akasogea mbele na simu yenye zile skrinshoti. "Afande, hapa anasema atampata kwa njia nyingine. Hapa anamfuatilia mtoto. Sisi tunataka iandikwe. Kama haiandikiki, tupe jina lako tukaulize kwa mkubwa wako kwa nini." Askari wa kike aliyekuwa anapita na faili akasimama, akaomba aone. Alisoma hadi mwisho, akavuta kiti, na jalada likafunguliwa.

Bwana Tafadhali aliitwa. Wanasema alifika na shati lake la pasi, akasema tafadhali mara nyingi, akatoa maelezo kwamba ni mapenzi. Aliandikiwa onyo, akatia sahihi kwamba hatamkaribia Stepla wala mwanawe, wala kumwandikia kwa laini yoyote. Ofisini kwake hawakumfukuza. Walimhamishia tawi jingine. Stepla aliposikia alirusha mkasi ukutani. Yeye kapoteza wateja waliochoka kupiga simu isiyopokelewa. Mwenzake kabadilishiwa ofisi.

Baada ya muda ilikuja akaunti isiyo na picha wala jina: "Tafadhali, nisamehe." Stepla hakujibu. Skrinshoti, ripoti, zuia, kisha akaituma kwa yule askari wa kike. Haikuja nyingine.

Mama yake alipopata nafuu alijaribu kupatanisha. "Kaka yako amekosa, mwanangu, lakini ni damu yako."

"Ndiyo maana inauma, mama. Angekuwa mtu baki ningeshamsahau."

Mama akamkabidhi simu yake. "Nami nimemweka mjukuu wangu humu kila siku, na sare yake. Niondolee. Nikitaka kumweka tena nitakuuliza."

Kaka hakupata kazi ya udereva kwa Bwana Tafadhali. Alipata nyingine baadaye, kwa mwenye yadi, kupeleka mbao. Kwa hiyo sasa hupita mbele ya karakana kila asubuhi, na Stepla humwitikia salamu kwa sababu ni mkubwa wake, basi. Yeye na wifi wamekuwa watu wa kuketi pamoja, na kila mwanamke anayekwenda kibandani kulalamika kwamba anasumbuliwa, wifi humfungulia mipangilio yake hapohapo, bure, akimsomea: kila mtu, kila mtu, kila mtu.

Ombi alilotuma kaka mtandaoni, arudishwe kwenye simu ya dada yake, bado limekaa kwenye kioo, halijakubaliwa wala halijakataliwa.

"Utamjibu lini?" wifi humuuliza. "Mwenzio ananikosesha usingizi kwa kuulizia."

"Anajua nilipo," Stepla husema. "Hatua chache tu kutoka kwenye lori lake. Aje aniombe kwa mdomo."

Mpaka leo hajaja.